Huo Uhalisia Niliusuka Mimi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya;
Kwa Afisa Mkuu Mtendaji, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya;
Na kwa wakuu wa vipindi katika vituo vyetu vya runinga, Nairobi.

MINTARAFU: VIPINDI VYA MAISHA HALISI NA VICHWA VYA WATEJA WANGU

Wakuu,

Natumai barua hii itawakuta salama. Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vinne mtaani Umoja, si mbali na soko la Mtindwa, na mwezi ujao natimiza mwaka wa kumi na tisa nikiwa nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Miguu yangu ni shahidi. Siandiki kwa niaba ya chama chochote, wala sikusomea mambo ya habari. Nilicho nacho ni machanuo, draya mbili (moja ni mgonjwa wa kudumu) na runinga niliyoitundika ukutani mwaka 2016, kwa sababu mteja anayesukwa rasta kwa saa sita huchoka kujitazama kwenye kioo.

Runinga hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Niseme mapema tusije tukapotezeana wakati: vipindi hivi navipenda. Wanawake wanapogombana mezani na mmoja akamwagiwa kinywaji, saluni nzima husimamisha kazi, na mimi wa kwanza. Sitaki mvifunge. Nimeona vipindi vingapi vikifungwa nchi hii kwa kelele za maadili, na sikuona maadili yakiongezeka. Wanaume wanaopiga simu redioni asubuhi kulalamika kwamba wanawake wa siku hizi ni wigi na kope tupu nao hawanisemei mimi. Wengi wao wake zao ni wateja wangu, na najua nani hulipa na nani hukopa.

Neno langu ni moja tu, nalo ni hilo mliloliruhusu likae juu ya vipindi hivyo: halisi.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu ambaye hupaka watu meikapu alinipigia simu usiku. Msusi aliyetakiwa kwenye kazi fulani ya runinga alikuwa ameugua. Je, ningeweza kufika upande wa Runda, mtaa wa matajiri, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi? Malipo shilingi elfu sita kwa siku, chakula juu yao. Nikaenda. Kabla hamjaanza kukisia: kipindi chenyewe sitakitaja, na si kile mnachokidhania.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya kupendeza, na ilikuwa imekodishwa. Nilijua kwa sababu picha za familia ya wenyewe zilikuwa zimeshushwa ukutani na kupangwa koridoni zikitazama ukuta, kama watoto walioadhibiwa. Dada niliyepewa kumtengeneza ndiye aliyekuwa "mwenye nyumba" kwenye kipindi. Alikuwa mpole, mcheshi, na chini ya kofia ya wavu alikuwa na matuta manane ya haraka haraka kama yangu mimi ninapokwenda sokoni. Wigi lililetwa kwenye sanduku na kijana wa pikipiki. Nywele za binadamu, ndefu hadi kiunoni, leisi mbele nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya duka: lirudishwe leo kabla ya saa kumi na moja jioni, lisitiwe gundi. Nikalishika kwa pini kumi na mbili na sala. Gauni nalo lilikuwa na lebo ya bei bado. Mshonaji alikuwa ameikunja ndani na kuishika kwa uzi, na dada akaambiwa akae asitokwe jasho.

Halafu ukaja ugomvi. Mara ya kwanza waliketi mezani, wakaulizana habari za watoto, wakacheka. Mwongozaji akasema ni vizuri, lakini warudie, na safari hii mmoja amkumbushe mwenzake lile jambo la Naivasha. Mara ya pili sauti zilipanda kidogo. Mara ya tatu machozi yakatoka, nami niliyekuwa nimesimama nyuma ya taa niliona ni machozi ya kweli, maana hilo jambo la Naivasha kumbe lilikuwa limemuuma kweli. Basi meikapu ikaharibika. Kazi ikasimama. Akapakwa upya, akaombwa alie tena, ila asiguse macho.

Saa kumi na nusu nikalitoa wigi, nikalichana, nikalinyunyizia, nikalilaza kwenye sanduku lake. Kijana wa pikipiki alikuwa akingoja getini. Dada akajifunga leso kichwani, akaniuliza kama huko Umoja bei ya matuta ni ile ile ya zamani. Jumapili alikuja. Shilingi mia nne, na alinipa hamsini ya chai.

Wiki chache baadaye kipindi kikatoka. Kwenye runinga sikuona korido, sikuona pikipiki. Niliona mwanamke tajiri mwenye nywele hadi kiunoni akilia kwenye nyumba yake. Mkono wangu ulitokea kwa nukta moja, kidole kimoja. Nilipiga kelele saluni nzima ikashtuka.

Na hapo ndipo wateja wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, binti wa miaka ishirini na mitatu hivi, mchapakazi, anayemlipia mdogo wake karo. Akanionyesha skrinishoti kwenye simu. Ni lile lile wigi. Alikuwa ameshaulizia bei mjini: shilingi elfu thelathini na nane. Alikuwa ameshapiga hesabu pia: pesa za chama zinaanguka kwake mwezi huu, nyingine atakopa kwenye simu, atanilipa mimi ya kulitengeneza kwa awamu. Nikamkalisha. Nikamwambia yote niliyowaambia ninyi hapa: sanduku, karatasi, pini kumi na mbili, saa kumi na moja. Nikamwambia mwenyewe aliyelivaa hakuweza kulinunua, sasa wewe wapi?

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyepitwa na mambo. "Anti," akasema, "hiyo si filamu. Hayo ni maisha yake halisi."

Wakuu, jibu hilo lina akili kuliko linavyosikika. Binti huyu hutazama filamu za Nigeria na tamthilia za Ufilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili, na hata siku moja hajaniomba nimpe nywele za malkia wa kwenye tamthilia. Anajua yule ni mwigizaji, amevalishwa, jumba si lake. Filamu humwambia mtazamaji tangu mwanzo: nakudanganya, kaa ufurahi. Anakaa, anafurahi, anakwenda kulala na matuta yake. Kipindi cha maisha halisi humwambia: huyu ni jirani yako aliyekuzidi. Si malkia. Ni mtu wa Nairobi hii hii, anapita barabara zile zile, na hivi ndivyo anavyoamka asubuhi. Mwigizaji unamtamani tu, jirani unajipima naye. Na kipimo chenyewe kilikodishwa kwa siku moja.

Bibi yangu alikuwa msusi vilevile, kule Majengo, Pumwani, na zaidi ya kusuka alikuwa akiwapamba maharusi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia msio, lile jiwe la kusugulia, huku akisugua liwa. Bi harusi aliwekwa ndani siku kadhaa, akasingwa kwa singo mpaka ngozi ikawa laini, akapakwa hina na piko mikononi na miguuni, nywele zikafukizwa udi, asmini zikatungwa. Siwaambii haya ili kusema zamani palikuwa peponi. Yalikuwa mateso yake pia, na mwisho wa yote ilikuwa ni kumpendeza mtu mmoja ambaye hakupakwa chochote. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho nimekifikiria sana tangu ile siku ya Runda. Urembo ule ulikuwa na tarehe. Kila mtu aliyemwona bi harusi alijua amepambwa, alijua nani amempamba, alijua ilichukua siku ngapi na kaya ngapi zilichangia. Wiki ikaisha, hina ikafifia, mama huyo huyo ukamkuta bombani na ndoo. Hakuna msichana wa Majengo aliyemtazama bi harusi akadhani hivyo ndivyo mwanamke anavyopaswa kuonekana Jumatatu akienda kazini.

Sasa urembo hauna tarehe. Jumatatu asubuhi ndiyo wateja wananiambia: nitengeneze kama yule.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na nadhani mnajua historia hii kuliko mimi. Mwaka 2003, Big Brother Africa ilipoanza, tuliwafungia watu nyumba moja tukawaangalia wakipika na kununa, na aliyeshinda alikuwa Cherise Makubale, dada wa Zambia ambaye watu walimpenda kwa utulivu wake. Mwaka 2006 yakaja mashindano ya kuimba ya Tusker Project Fame, akashinda Valerie Kimani wetu, kwa koo lake. Nakumbuka wateja waliotaka kuimba kama Valerie, na Mungu anisamehe, wengine walijaribu wakiwa chini ya draya. Mwaka huo huo wa 2006 kule California ndiko zilikoanzia zile hadithi za wake wa matajiri, zikazunguka dunia, zikafika Johannesburg, Durban, Lagos, Abuja, na Februari 2023 Showmax ikatuletea The Real Housewives of Nairobi. Katikati ya safari hiyo kuna kitu kilibadilika. Kwenye mashindano ya kuimba mwanamke alikuwa na la kufanya, na akilifanya vibaya anaondoka. Kwenye hivi vya sasa la kufanya ni kuonekana. Najua wengi wa wanawake hao wana biashara zao, na wengine wamezijenga kwa jasho; nawavulia kilemba. Lakini hesabuni dakika. Biashara hupewa dakika mbili, mlango wa duka na tabasamu. Kuvaa kwenda kwenye karamu hupewa robo saa.

Mteja wangu mmoja anayesomea unesi ndiye aliyenifungulia macho kuhusu Fiji. Nilidhani ananichekesha. Akanitumia, nikasoma usiku kucha kwa msaada wa binti yangu. Kwenye eneo la Nadroga huko Fiji runinga ilifika mwaka 1995, na watu wa huko walikuwa kama mashosho zetu, yaani bibi zetu: mwili mnene ulikuwa heshima, ishara kwamba una watu wanaokulisha na kukujali. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule maswali wiki chache tu baada ya runinga kuingia, kisha akarudi mwaka 1998 kuuliza wengine yale yale. Mara ya kwanza hapakuwa hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Na asilimia 74 walisema wakati fulani hujiona wanene mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Ni wasichana wachache wa sehemu moja, sitaki kulifanya jambo hilo kuwa msahafu. Ila kilichonikosesha usingizi ni kwamba waliyokuwa wakiyatazama ni tamthilia tu za nje. Hadithi za kubuni, watu weupe, nchi ya mbali. Hakuna aliyewaambia ni majirani zao.

Na Nairobi mambo yamekuwa ya ajabu zaidi, maana hatuambiwi tukonde. Laiti tungeambiwa tukonde, nusu yetu njaa ya mwisho wa mwezi ingetusaidia. Tunaambiwa tukonde hapa, tunenepe pale, kiuno cha nyigu na makalio ya kuvuka mlango kwa ubavu, na tumbo lililozaa watoto watatu liwe bapa kama meza yangu ya kuoshea vichwa. Mwili huo haupatikani kwa ugali wala kwa kuuacha ugali. Unapatikana kwa kisu, kwa sindano, au kwa kamera. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini hapa baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta, na baraza linalosimamia madaktari likafunga kliniki iliyohusika. Sitamtwisha mtu wa runinga kifo hicho. Sijui marehemu alikuwa akitazama nini, na si haki kumsemea. Lakini siku zile saluni yangu ilijaa mazungumzo, na nilishangaa ni wangapi waliojua bei. Siyo hatari. Bei.

Rangi ya ngozi ndiyo hunichosha kabisa. Tunazungumza habari hii tangu mama yangu akiwa msichana na bado chupa zinaingia. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kila mtu anajua, na kila mtu anajua zinapatikana, nyingine hazina hata jina, zimekorogwa na kutiwa kwenye mkebe wa mafuta ya mgando. Mimi huziona kwenye shingo. Uso umekuwa wa njano, masikio yamebaki ya mwenyewe, vifundo vya vidole vyeusi kama makaa. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu hufanya ngozi iwe na madoa ya samawati na nyeusi ambayo hayatoki, na zebaki huharibu figo. Mteja akilala kwenye beseni nimwoshe, shingo ndiyo husema ukweli.

Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia hapa hapa kwetu, alisimulia mwaka 2014 jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu akiwa mdogo aamke amekuwa mweupe, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa na dunia, mweusi kama yeye. Mwaka ule aliposhinda Oskari akiwa na nywele zake fupi, nawaambia kweli, biashara yangu ilitikisika. Walikuja wanawake wakitaka wakatwe, waachwe na kipilipili chao, weusi wao uonekane. Nilinunua mashine ya pili ya kunyolea. Ilidumu miezi minne, mitano, halafu mashine ikaanza kula vumbi. Picha moja nzuri ina nguvu, lakini ilikuwa moja, na zile nyingine za runinga zilikuwa kila Ijumaa.

Turudi kwenu. Nimejaribu kuelewa mnachokipima. Bodi ya filamu huweka alama za GE (ya watu wote), PG (mtoto atazame na mzazi), 16 na 18 (umri), na hutazama matusi, damu, uchi, ngono, pombe. Mamlaka ya Mawasiliano ina mwongozo wa vipindi unaosema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kisionyeshwe kisichofaa watoto. Vizuri. (Ingawa watoto siku hizi huona vipande vya kipindi cha usiku kwenye simu ya kondakta asubuhi wakienda shule, saa nne za usiku zimebaki za kwenu na za mashosho.) Mnapima urefu wa sketi. Sijaona mahali mnapopima nani aliyelipia sketi.

Kwangu mimi hilo ndilo swali. Wigi lile halikuletwa Runda kwa upendo. Duka lilitaka lionekane, na lilionekana, na binti wa duka la vifaa vya ujenzi akalitafuta. Hilo kwa Kiswahili changu ni tangazo la biashara. Tangazo la sabuni tunajua ni tangazo: wimbo unapigwa, mama anacheka na shuka, tunakwenda chooni. Tangazo lililovaliwa kichwani na mwanamke anayelia hatuna namna ya kulijua. Kanuni za Utangazaji za mwaka 2009 zimegusia matangazo na udhamini, na Katiba yetu kwenye kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa anazouziwa. Sisi tunaotazama ni wanunuzi. Tunanunua zaidi ya mnavyofikiri.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila kitu cha urembo kilichoazimwa, kilichotolewa bure au kilicholipiwa ili kionekane, kitajwe kwenye skrini wakati ule ule kinapoonekana, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu aliyeketi chini ya draya anaweza kuzisoma. Si mwishoni kwa maandishi ya sisimizi yanayokimbia. "Nywele zimeazimwa." Maneno mawili, hayaui kipindi. Nyumba ikiwa imekodishwa, isemwe imekodishwa. Tukio likiwa limerudiwa, lisemwe limerudiwa. Hata michezo ya mpira huandika pembeni kwamba haya ni marudio. Kliniki au krimu ikitaka kuingia kwenye kipindi, iingie kwanza ofisini kwa wanaohusika na ionyeshe vibali, kabla ya kuingia sebuleni kwetu.

Kuna kitu sikiombi, na nawasihi msikiongeze kwa bidii ya kazi. Sitaki mwanamke alazimishwe kutangaza amefanyia nini mwili wake. Nimewashika wanawake vichwa vya saratani, vichwa vilivyopoteza nywele baada ya kujifungua, vichwa vyenye kovu la chupa ya mume. Anachofunika mtu ni chake. Nataka kujua biashara iliyolipa.

Na yule dada wa Runda. Baada ya kipindi kutoka alirudi kwangu mara nyingine, akaketi kile kiti cha dirishani, akanipa simu yake nisome. Watu wasiomjua walikuwa wakijadili tumbo lake. Alikuwa na mtoto wa miezi saba. Mmoja ameandika jambo ambalo siwezi kulirudia kwenye barua ya heshima, na chini yake watu mia kadhaa wameweka alama ya kucheka. Nilimuuliza kama wale waliomrekodi wamempigia. Alisema walimpigia kumpongeza kwamba kipindi kinazungumziwa. Uingereza, baada ya washiriki wa vipindi vya namna hii kufariki kwa kujiua na bunge lao kuingilia, mdhibiti wao Ofcom alitoa kanuni zilizoanza Aprili 2021, kwamba anayetangaza ni lazima amwangalie mshiriki anayeweza kudhurika kwa kushiriki. Si jambo la sayari nyingine. Mkataba useme nani atampigia, mara ngapi, na nani atamlipa mshauri akihitaji.

Najua vituo vitasema hakuna pesa, na kwamba vipindi vya humu nchini vikibanwa tutabaki na vya nje, na sheria inataka vya humu. Hoja hiyo naiheshimu. Nina wapambaji, washonaji na vijana wa taa ninaowajua ambao watoto wao hula kwa kazi hizi, na mimi mwenyewe elfu sita ile ilinilipia stima miezi mitatu. Lakini kuandika "zimeazimwa" hakugharimu taa hata moja.

Jambo la mwisho ni la lugha. Nakala ya mwongozo wa vipindi niliyotumiwa kwenye simu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa, na mimi na binti yangu tulikesha nayo. Mnapoita wananchi kutoa maoni kuhusu kanuni, kama Katiba inavyotaka, wekeni na ya Kiswahili, na msituite hotelini saa tatu asubuhi siku ya kazi. Njooni mnakotazamwa.

Jumanne saluni yangu huwa haina watu wengi, isipokuwa wiki ya kufungua shule ambapo kina mama hupanga foleni na mabinti wao kwa matuta ya shule. Wiki iliyopita mmoja wao, wa kidato cha pili, aliniuliza huku nikimgawanya nywele kama uso wake ni wa runinga au si wa runinga. Nilimwambia ainamishe kichwa. Sikuwa na jibu la haraka, na mama yake alikuwa akisikiliza.

Njooni Jumanne, saa nne hivi. Kiti cha dirishani nitawawekea. Marudio ya kipindi huanza saa nne na nusu, nami nitawaonyesha kwa kidole, kitu baada ya kitu, kilichoazimwa na kisichoazimwa.

Wenu mtiifu,
Msusi wa Umoja